Chuma Nilichokisugua kwa Msasa

Chelangat mwanangu,

Umetoka saa sita kwenda Sigowet kumuaga nyanya yako, kogo, ukaniachia nyumba, paka, na sanduku la bati lililokataa kufunga. Sanduku nimelishinda. Kiatu kimoja kilikuwa kimesimama wima kama askari, nimekilaza, likafunga. Sasa mvua imeanza kupiga mabati, shambani hakuendeki, na nimeketi mezani na karatasi ulizobakisha kwenye daftari lako la fizikia. Natumaini hukuzihitaji.

Mambo ya kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki sitaandika. Shangazi yako ameyasema yote tangu Jumatatu, na mengine ameyarudia akidhani ni mapya. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshindwa kulisema nikikutazama usoni. Lazima ulijue kabla ya kesho asubuhi.

Kesho majirani watakuja kwa maombi na chai kabla hujapanda gari. Jana ulikuwa unachambua mboga, ukaniambia, "Baba, tafadhali usihutubu. Simulia tu ile ya mama na umeme, halafu ukae." Nikasema sawa.

Ile ya mama na umeme unaijua kuliko Baba Yetu. Mama alikuwa anaosha sakafu ya kiwanda, umeme ukamshika, mimi nikakimbia nikashusha swichi kubwa, nikambeba mikononi mpaka nje, watu wote wakiona. Uliisimulia hata kwa walimu wa chuo cha Mombasa walipokuuliza kwa nini msichana anataka kusomea umeme. Ulirudi nyumbani ukiruka, ukasema mmoja wao alitikisa kichwa akasema, "Basi huyu tumchukue." Walikuchukua. Mimi nilicheka pamoja na wewe, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikajifanya napasua kuni.

Hadithi hiyo si ya uongo, Chelangat. Ila wewe umeipata kuanzia katikati. Mwanzo wake ninao mimi, na leo nakupa.

Nilipoanza kazi kiwandani nilikuwa na darasa la nane na cheti kidogo cha ufundi, na nilikuwa nikijiamini kupita kiasi. Kutu nilidhani naijua. Mtu aliyekulia kwenye chai anaijua kutu tangu utotoni. Unakumbuka ulivyoniuliza kwa nini panga la kupogolea chai linageuka jeusi kama wino mkilisahau nje? Mama yako alikujibu kabla yangu: "Chai inakula chuma, kama vile chuma kinavyomla baba yako kidole." Alikuwa ananicheka kwa sababu ya kovu hili la dole gumba la kulia, nililokatwa na panga hilo hilo. Yeye panga lake alikuwa analiosha, analipangusa kwa sketi, na kulipaka mafuta ya kupikia kidogo. Langu lilikuwa jeusi, nikilisugua kwa msasa likang'aa, kesho yake likawa jeusi tena. Sikujiuliza kwa nini. Nilinunua msasa mwingine.

Sasa ingia kiwandani na mimi. Unakumbuka hewa ya mle ndani, ulipokuwa ukiniletea chakula. Majani mabichi yanapumua, chumba cha kuchachusha kina unyevunyevu mchana na usiku, moshi wa kuni za boila unashuka mvua ikinyesha, na kila jioni wanawake wanamwaga maji sakafuni. Kitu chochote cha chuma mle ndani kinaishi kwa wasiwasi.

Ukutani, karibu na mlango wa chumba cha kuchachusha, palikuwa na swichi ya usalama. Kazi yake ni moja tu. Umeme ukivuja, yaani ukipitia kwa mtu kwenda ardhini, ile swichi inajizima yenyewe kabla mtu hajapata kusema "ai." Ndani yake mna kipande kidogo cha chuma chenye mikono miwili, kimezungushiwa waya mwembamba kama unywele, na juu yake umelala ulimi wa chuma, mdogo kama ukucha. Sumaku ndogo inaushika ule ulimi. Umeme ukivuja kidogo tu, ule waya unaishinda sumaku, ulimi unaachia, springi inaruka, na kila kitu kinazima.

Hicho kipande na ulimi wake si chuma cha kawaida. Ni chuma kilichochanganywa na nikeli. Mzee Ouma, fundi mkuu wetu, ndiye aliyenieleza baadaye, na nikwambie kwa maneno yake mwenyewe, ambayo aliyatoa kwa Kiswahili chake cha ziwani: "Hiki chuma ni laini, lakini si laini ya kisu. Ni laini ya sumaku. Umeme ukija, kinashika. Umeme ukienda, kinaachia, hakina kinyongo." Mchungaji wetu akisikia hapo atatoa mahubiri ya saa nzima. Mimi sitatoa. Chuma kitupu nacho hushika na kuachia, lakini kwetu kingekuwa kimeoza kabla ya Krismasi. Nikeli inakifanya kivumilie. Kivumilie, nimesema. Hata wewe fundisha ulimi wako kusema hivyo, maana watu watakuambia nikeli haishiki kutu. Hushika, ila polepole, na kwa vidoa vidogo ambavyo mtu mwenye haraka havioni.

Mimi niliviona. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba niliviona. Nilifungua ile swichi siku moja kwa sababu kifuniko chake kilikuwa kimelegea, na pale ulimi unapokutana na mikono ya chuma, mahali palipong'arishwa kama kioo, nikakuta vidoa vitatu vya kahawia. Vidogo kama mbegu za wimbi.

Fundi mwenye adabu angeiondoa ile swichi, aandike kwamba imechoka, aombe nyingine. Lakini ulikuwa msimu wa mvua ndefu, majani yalikuwa yanaingia hata hakuna pa kuyaweka, na mimi nilikuwa na dakika kumi. Nikatoa msasa mfukoni. Nikasugua. Nikaona ule ulimi umepinda kidogo, nikauweka juu ya chuma nikaugonga kwa nyundo, tap, tap, ukanyooka. Nikaushika kwa dole gumba nikiurudisha. Ulikuwa unang'aa, mwanangu, ungeweza kunyoa ndevu kwa kujiangalia mle. Nikafunga, nikabonyeza kitufe cha kujaribu, swichi ikaruka vizuri. Nikapiga mluzi.

Sikujua makosa niliyoyafanya katika zile dakika kumi, na najua utayasoma kwenye vitabu vyako, lakini nataka uyasikie kwanza kwa aliyeyafanya. Msasa uliacha mikwaruzo, na ndani ya mikwaruzo unyevu wa chai ukapata nyumba. Nyundo ilikifanya kile chuma kiwe kigumu, kianze kushika na kutoachia, maana ule ulaini kiliupata kwa moto maalumu huko kilikotengenezwa, na nyundo inauondoa. Na dole gumba langu lilikuwa na jasho. Jasho lina chumvi.

Bado hata hayo yangegunduliwa mapema. Kulikuwa na kadi imening'inizwa kwa uzi kando ya swichi, na kila mwezi nilitakiwa kubonyeza kile kitufe, nione swichi imeruka, kisha nitie sahihi. Lakini ukibonyeza, mashine zote za chumba kile zinasimama, na majani yaliyomo yanaendelea kuiva bila kukungoja. Msimamizi anatoka ofisini na makelele. "Fundi! Unataka tuuze uji?" Mara ya kwanza nilibonyeza, nikatukanwa. Mwezi uliofuata nilingoja mashine zisimame zenyewe, hazikusimama. Nikatia sahihi. Mwezi wa tatu sikungoja hata. Nilikuwa natembea nikipita, natoa kalamu sikioni, natia sahihi bila kusimama. Nilikuwa na sahihi nzuri sana siku hizo.

Mama yako alikuwa ameajiriwa kwa usafi. Alipenda kazi ile, unajua, kwa sababu ya kuimba. Alisema sauti yake inapendeza zaidi kwenye chumba kitupu chenye maji. Jioni ile alikuwa anasukuma mashine ya kusugua sakafu. Waya wake ulikuwa umechubuka mahali fulani na ukalala kwenye maji. Mimi nilikuwa mlango wa pili, nikimsikia akiimba. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Nilikimbia. Hiyo ni kweli, nilikimbia kama ulivyoambiwa. Nikamkuta amesimama, ameshika mpini, anatetemeka, macho yamenikazia, hawezi kuachia. Nikatazama ile swichi ukutani, nikaingoja. Naomba usome hapo polepole. Niliingoja. Kwa muda wa kuvuta pumzi moja nilisimama nikingoja swichi niliyoing'arisha mwenyewe imwachie mke wangu, na haikufanya chochote. Ndipo nikaenda kushusha ile kubwa. Akaanguka, nikambeba nje. Huko nje watu wakapiga makofi wakasema fundi ameokoa bibi yake, na mimi nikiwa nimembeba sikuwa na mkono wa kuwanyamazisha. Huo ndio udhuru nilioutumia kwa miaka kumi na mitatu.

Alama iliyokuwa kwenye kiganja chake cha kushoto ilikuwa ya jioni ile. Tulikuambia ni ya sufuria. Ulikuwa na miaka mitano.

Kesho yake Mzee Ouma akaifungua ile swichi juu ya meza yetu ya kazi, mimi nimesimama kando. Hakuinua kichwa.

"Kuna mtu hapa alifikiri anaosha sufuria," akasema.

Nikajifanya napanga bisibisi.

"Njoo uone kitu, Arap Langat. Njoo, hakiumi."

Akanipa lenzi yake. Kwenye ule ulimi wa chuma, katikati ya mikwaruzo, kutu ilikuwa imeota kwa mistari ya mviringo, myembamba, mizuri hasa, kama shamba la chai lililopandwa kuzunguka kilima. Ilikuwa alama ya dole gumba. Na katikati yake palikuwa na mstari mmoja mtupu uliokata yote, pale kovu lilipogusa.

"Kwenye kadi umetia sahihi mara nne," akasema. "Hapa umetia ya tano. Hii ndiyo ya kweli."

Nikadhani atanipeleka ofisini. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu nitakachouza. Akaukunja ule ulimi kwenye kitambaa, akauweka mfukoni, akasema, "Bibi yako anajua?" Nikasema hapana. "Basi ofisi yako ni nyumbani. Anza huko. Mimi nitaandika swichi ilikuwa mbovu, na ni kweli, ilikuwa mbovu. Na kuanzia Jumatatu tutabonyeza vitufe vyote asubuhi kabla jani la kwanza halijaingia. Mtu akipiga kelele, mlete kwangu."

Nikaenda nyumbani. Mama yako alikuwa kitandani, mkono umefungwa, anakunywa mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, na kulalamika kwamba jirani ameyatengeneza kwa mkaa mwingi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Msasa, nyundo, kadi. Nilipomaliza alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, Chelangat. Halafu akasema:

"Kwa hiyo Fundi, ulitaka kuoa mwingine, ukakosa mahari, ukaona ni heri utumie umeme?"

Kisha akacheka mpaka mursik ikamwagika kwenye blanketi. Mimi nikalia. Yeye akazidi kucheka. Halafu naye akalia, kidogo, akanipiga begani kwa ule mkono mzima, kwa nguvu, na haikuwa mzaha. Akasema, "Usinifanyie hivyo tena. Usimfanyie mtu hivyo tena." Nikasema sitafanya. Akasema, "Na huyu mtoto akiwa mkubwa, utamwambia. Utamwambia mbele yangu, nikae hapo nikucheke."

Hiyo ndiyo ahadi. Niliichelewesha kwa sababu ulikuwa mdogo, kisha kwa sababu ulikuwa na mitihani, kisha kwa sababu yeye mwenyewe alianza kukohoa na nyumba ikawa na mambo mengine. Mwaka juzi tulipomzika nilisimama pale kaburini nikafikiri, sasa nitamwambia mbele ya nani? Ugonjwa wake ulikuwa wa kifua, unajua, wala haukutokana na umeme. Daktari niliyemuuliza mara tatu alinijibu mara tatu. Lakini mtu mwenye deni la namna hii huuliza.

Sasa utaelewa mambo kadhaa. Utaelewa kwa nini kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nilikuwa nabonyeza kitufe cha swichi katika nyumba ya kampuni tuliyokaa na kuwatia gizani, hata mpira ukiwa kwenye redio na dakika zimebaki tano. "Baba, jamani, penalti!" ulipiga kelele mara moja, na mama yako akasema, "Mwache, anasali." Ulidhani ni utani wa kawaida. Utaelewa pia kwa nini Mzee Ouma, aliyestaafu na kufungua kibanda chake cha redio pale Silibwet badala ya kurudi ziwani, hunisalimia kwa kuinua dole gumba. Watu hudhani ni salamu ya kijana.

Unakwenda Mombasa, ambako hewa yenyewe ina chumvi. Wanaotoka huko wanasema misumari inaliwa ukutani. Utafungua swichi, relei na koili nyingi kuliko nilizowahi kuona, na utakutana na vidoa kama mbegu za wimbi, na mtu atakuwa anakuharakisha. Sitakuambia ufanye nini. Utakuwa unajua kuliko mimi, na ninafurahi kwa hilo kuliko ninavyoonyesha. Nakuambia tu nilivyojisikia mimi nilipotoa msasa. Sikujisikia mwovu wala mvivu. Nilijisikia hodari. Kile chuma hakijawahi kung'aa vile tangu kitoke kiwandani kwake. Laiti ningekuwa na aibu kidogo siku ile, ingetusaidia. Lakini nilikuwa napiga mluzi.

Na kuna jambo ninaloliogopa, niliandike kisha nilipite. Naogopa kwamba umechagua kazi hii kwa sababu ya baba ambaye hajawahi kuwepo. Nimelizungusha kichwani tangu ulipopata barua ya chuo. Nikafikiri, nikimwambia, ataitupa ile barua. Nisipomwambia, ataishi akijaribu kufanana na mtu niliyemtengeneza kwa kunyamaza. Halafu wiki iliyopita nilikuona umefungua pasi ya umeme ya shangazi yako mezani. Ulikuwa umevua pete, umefunga nywele, umepangusa vidole kwa kitambaa kikavu kabla ya kugusa chochote. Hakuna aliyekufundisha hilo. Mimi najua, kwa sababu nilijifunza kwa gharama kubwa na sikukueleza. Nikasimama mlangoni nikaona kwamba kazi hii ni yako, haikutoka kwangu. Ukaniona, ukasema, "Baba, unaniziba mwanga." Nikaondoka nikiwa na furaha.

Mvua inapungua. Ninaona upande wa pili wa bonde, wanawake wamerudi kwenye chai na vikapu vyao. Utafika karibuni, na barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, pale huwezi kuliinua bila kuiona. Isome ukiwa umeshakula. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie leo, tuna jioni nzima, na wali upo.

Kesho baada ya maombi nitasimama. Mchungaji atakuwepo, shangazi, majirani waliopiga makofi siku ile, na Mzee Ouma ameniambia anakuja. Nitaisimulia, na nitaanza kwenye vile vidoa vitatu. Sikuombi ruhusa; mtu wa kuniruhusu aliniruhusu zamani, kwa sharti kwamba atakuwepo kunicheka, na hilo sasa haliwezekani. Lakini nakuomba kitu kimoja. Usijifiche jikoni na wanaogawa chai. Kaa mbele nikuone. Nitaanza vizuri, kisha nitafika pale nilipokuwa nimesimama nikiingoja swichi, na hapo najua nitakwama. Watu watadhani nimemaliza, wataanza kupiga makofi. Usiwaache. Uliza kwa sauti, wote wasikie, "Halafu, Baba?"

Nami nitaendelea.

Baba yako